Kwa Vijana Wanaochora Watu Hapa Dodoma

Wanangu, mbukwenyi.

Jumamosi nilipita Soko la Majengo nikamkuta mmoja wenu akimchora bibi muuza karanga. Bibi mwenyewe ameketi hatua kumi tu mbele yake, kwenye kivuli cha ukuta, anapima karanga kwa kikombe. Kijana ameinamia simu, anachora picha aliyompiga. Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza. Hakuinua macho hata mara moja. Imeniuma, ndiyo maana naandika.

Simu ina jicho moja, nawe una mawili. Mkono ulio karibu na lenzi inaukuza, kivuli cha kidevu inakifanya shimo jeusi. Kijana angeinua macho angeona kwamba pale kidevuni palikuwa na mwanga: jua limepiga ardhi yetu nyekundu, ardhi nayo ikautupa wekundu wake juu, shingoni mwa bibi. Paji la uso lilikuwa na samawati ya mbingu. Ninyi ngozi zetu mnazipaka kahawia ya kopo, mnatia nyeusi penye kivuli na nyeupe penye mng'ao. Ndivyo mnavyowaona mama zenu?

Ujanani nilimchora mzee mmoja amesimama na fimbo yake. Nilianza na kope na mikunjo ya uso, nikajisifu moyoni. Alipoitazama akaniuliza, "Mbona naanguka?" Kweli alikuwa anaanguka. Tangu siku ile naanza na mguu uliobeba uzito. Nafunga kijiwe kwenye uzi ili uning'inie wima, nanyoosha mkono, natazama nini kiko juu ya nini. Mtu akiegemea mguu mmoja, kishimo cha koo huja juu ya kifundo cha mguu huo. Nyonga ya upande huo hupanda, bega lake hushuka. Hayo yakikaa sawa, mtu amesimama hata kama hajapata uso. Uso utakuja mwisho, wanangu.

Nendeni Kolo, kule Kondoa, mkaone michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wembamba wa rangi nyekundu, hawana pua wala midomo, lakini unajua nani ameinama.

Mengine kwa ufupi: mkaa kabla ya rangi. Finyeni macho mtafute kivuli kikubwa kwanza. Ombeni ruhusa. Mlipeni mtu muda wake.

Nanyi waheshimiwa mnaoagiza picha za kutundika ofisini, lawama nyingine ni zenu. Mnamletea kijana picha ya pasipoti jioni, asubuhi mnataka sura yenu ukutani, na bei mnaikata nusu. Nani atajifunza kutazama kwa haraka hiyo? Ketini basi, japo saa moja, mtazamwe.

Wewe kijana wa Majengo, sikukukemea pale mbele za watu. Mkono wako ni mwepesi, nimeuona. Nimezungumza na bibi. Jumamosi ijayo amekubali uketi mbele yake huku akiuza. Nunua karanga zake kwanza. Mkaa na uzi nitaleta mimi.