Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Aliyejiajiri hadi miaka 48 ajaze nini kwenye fomu?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, mwenye umri wa miaka 48. Nilifanya kazi ya uchapaji karibu na River Road tangu ujanani hadi mwaka jana, na sasa natafuta kazi ya kuajiriwa. Sikuandikii unipe kazi. Nakuandikia kwa sababu nchi hii imejaa watu waliojiajiri, wengi wao kwa kuitikia wito tuliousikia tangu tukiwa shuleni kwamba tusingoje kuajiriwa, na hadi leo mtu wa aina hiyo akitaka kuingia katika ajira ya mshahara haonyeshwi apitie wapi.

Biashara yangu haikuuawa na mtu. Riziki yetu wachapaji wadogo ilikuwa vitabu vya risiti, kadi za harusi, kalenda za mwisho wa mwaka na programu za mazishi. Vitabu vya risiti vilianza kupungua watu walipozoea kwamba ujumbe wa M-Pesa ndio risiti, kisha zikaja ankara za kielektroniki za eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Kadi ya harusi nayo siku hizi ni picha inayotumwa kwa WhatsApp. Kilichobaki ni mazishi, na hakuna anayetaka kulipia kodi ya duka kwa kungoja watu wafe. Niliuza mashine, nikawalipa vijana niliokuwa nao haki yao, nikafunga.

Fomu za maombi ya kazi huuliza jina la mwajiri wa mwisho, jina la msimamizi, mshahara na sababu ya kuacha kazi, na zile za mtandaoni hazisongi mbele ukiacha nafasi hata moja wazi. Nikiandika jina langu mahali pa mwajiri, kisha nilirudie mahali pa msimamizi, naonekana kama ninayefanya mzaha. Kampuni moja ya Industrial Area, ambayo sitaitaja, ilidai barua ya mwajiri na hati za mshahara za miezi mitatu. Nilipeleka faili yenye leseni za biashara za kaunti za mwaka baada ya mwaka, stakabadhi za kodi ya mapato na barua za wateja, zikiwemo za shule mbili nilizozichapia mitihani bila karatasi hata moja kuvuja. Afisa aliyeipokea aliipekua kwa adabu, akaifunga, akaniambia, "Mzee, hizi ni za biashara. Sisi tunataka za kazi."

Mheshimiwa, leseni zile zina muhuri wa serikali ya kaunti, na mapato yale yalitozwa kodi na serikali ya kitaifa. Sioni inavyowezekana shughuli ya mtu itambuliwe siku ya kulipa na isitambuliwe siku ya kuomba kuajiriwa.

Linalofuata ni umri. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajatimiza 35, na mzee katika jamii ni aliyetimiza 60. Kila kundi kati ya hayo mawili lina ibara yake, na ni haki liwe nayo. Sisi tulio katikati tunaachiwa soko. Soko nalo linaandika waziwazi, "umri usizidi miaka 35," ingawa Ibara ya 27 ya Katiba hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, uwe wa serikali au wa mtu binafsi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilipotungwa iliorodhesha rangi, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito na mengineyo, lakini umri haukutajwa katika orodha hiyo. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Kwa hesabu hiyo nimebakiwa na miaka 12 ya kufanya kazi, ambayo ni mingi kuliko muda ambao vijana wengi hukaa kwa mwajiri mmoja.

Wakubwa wa kazi wakizungumza nami bila kuficha, hofu yao huwa nyingine kabisa: kwamba aliyezoea kujiamulia hatakubali kuamrishwa. Hofu hiyo ingefaa ijibiwe na mtu aliyewahi kuletewa programu ya mazishi Ijumaa jioni, picha ya marehemu ikiwa haionekani vizuri, majina ya wajukuu yakibadilishwa na shangazi kwa simu saa nne usiku, na gari la kubeba maiti likitoka mochari saa kumi na mbili asubuhi. Kazi hiyo haingoji kesho. Unatii, unasahihisha, unakata karatasi kwa gilotini ukiwa na usingizi, na asubuhi unamkabidhi mfiwa bila kumnung'unikia.

Najua upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kitaaluma ya mwaka 2014, na ipo mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Ni mambo mema, lakini hupima zaidi kama mtu anaijua kazi ya mikono. Kukadiria bei ya kazi, kuandika hesabu na kusimamia wafanyakazi kwa miaka mingi ni uzoefu ambao bado haujapata mahali pa kuandikwa.

Kwa hiyo ninaomba Wizara yako ipeleke Bungeni pendekezo la kuongeza umri katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira. Vilevile ninaomba itoe mwongozo, ukianzia kwa nafasi za serikali yenyewe, kwamba leseni za biashara, stakabadhi za kodi na barua za wateja zikubaliwe kuwa ushahidi wa uzoefu, na kwamba fomu ziwe na nafasi ya aliyejiajiri. Marekebisho yaliyofanyiwa Sheria hiyo ya Ajira mwaka 2022 yaliwazuia waajiri kumdai mwombaji vyeti vya kuidhinishwa, kama kile cha tabia njema cha polisi, kabla ya kukusudia kumpa mkataba, na hayo yalikuwa mabadiliko madogo yaliyompunguzia mtafuta kazi gharama kubwa. Ninaloomba si zito kuliko hilo.

Ningeshukuru ukinijibu hadharani, kwa kuwa wanaongoja jibu ni wengi.

Wako mwaminifu,
Mchapaji wa zamani, River Road