Picha ya trekta kwenye dumu haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kosa ambalo nusura nilifanye mwenyewe, na ambalo nimewaona wenye matrekta wengine wakilifanya hadi mwisho, nalo ni kuchagua oili ya injini kwa kutazama picha iliyochorwa kwenye dumu.

Dumu nililouziwa lilikuwa na picha ya trekta, na muuzaji akanihakikishia kwamba hiyo ndiyo oili ya trekta. Nilikwisha kufungua kifuniko cha injini na kuliinamisha dumu, fundi aliponishika mkono na kunionyesha herufi ndogo zilizoandikwa nyuma: UTTO. Hiyo ni oili ya giaboksi, haidroliki na breki zinazofanya kazi ndani ya oili. Haikutengenezwa kubeba masizi ya dizeli wala kukabiliana na asidi inayozaliwa ndani ya injini. Ipo nyingine, STOU, ambayo hutengenezwa itumike hata kwenye injini, na mtu asomaye kwa haraka huzichanganya.

Oili ya injini ya dizeli hutambulika kwa alama ya API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayoanza na C, kama vile CH-4, CI-4 au CK-4, ilhali zinazoanza na S ni za petroli. CK-4, iliyotoka mwaka 2016, inaweza kuchukua nafasi ya hizo mbili za kwanza, lakini FA-4, iliyotoka pamoja nayo, ni nyepesi zaidi na haifai kumiminwa katika injini kuukuu. Trekta lenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi huhitaji oili inayoacha majivu machache inapoungua, la sivyo chujio huziba. Na pale ambapo dizeli ina salfa nyingi, oili hubadilishwa mapema kuliko kawaida.

Kuhusu uzito, wengi wetu huipima oili kwa kuisugua kati ya vidole viwili, kipimo ambacho sioni kinatuambia nini. Katika alama ya uzito iliyoandikwa kwenye dumu, kama vile 15W-40, nambari ya kwanza hueleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili uzito wake kwenye nyuzijoto 100, joto ambalo hakuna kidole kinachoweza kulistahimili. Vilevile, oili kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa si ushahidi kwamba ni mbovu, kwani mara nyingi weusi huo ni masizi ambayo oili imeyashika yasigande kwenye pistoni. Kinachoamua siku ya kuimwaga ni mita ya saa na kitabu cha trekta, ambacho mara nyingi hutaja saa 250 za kazi.

Nawaomba wauzaji wasizipange oili ya injini na UTTO kwenye rafu moja. Dumu langu halikupotea bure: kitabu kiliiruhusu oili ile kwenye haidroliki, na huko ndiko ilikoishia.

Mwenye trekta