Kamera za Hebron na sheria ya vita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba kufuatilia raia kwa akili mnemba katika ardhi inayokaliwa kijeshi hakuwezi kuwa haramu kwa kuwa hakuna mkataba unaotaja jambo hilo.

Ni kweli kwamba Kanuni za vita za The Hague za 1907 na Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, unaolinda raia wakati wa vita, hazitaji mitambo ya akili mnemba. Hata hivyo, ibara ya 27 ya mkataba huo inalitaka jeshi linalokalia nchi ya watu kuheshimu utu wao na haki za familia zao, na hatua za udhibiti na usalama inaziruhusu pale tu zinapolazimu kwa sababu ya vita.

Tutazame Hebron, katika Ukingo wa Magharibi, ardhi ya Wapalestina inayokaliwa na jeshi la Israeli. Mwezi Mei 2023 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi mfumo uitwao Red Wolf unavyosoma nyuso za Wapalestina kwenye vizuizi vya jeshi la Israeli bila ridhaa yao, ukazilinganisha na hifadhidata yenye taarifa za Wapalestina peke yao, na sura usiyoitambua ukaisajili papo hapo. Mama anayekwenda sokoni anaingizwa humo sawa na mshukiwa, ilhali walowezi wa Kiisraeli wa mji huohuo hawalazimiki kupita kwenye vizuizi hivyo. Sikatai kwamba jeshi lina wajibu wa kulinda usalama. Lakini hatua inayomgusa mtu kwa asili yake, si kwa tuhuma yoyote, siwezi kukubali kwamba imelazimu.

Tena, mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 17 inakataza kuingilia faragha kiholela, unaendelea kulibana jeshi hata nje ya mipaka ya nchi yake. Mwaka 2005 ikaushikilia msimamo huo katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, iliyogusa pia Ituri, eneo la mashariki mwa Kongo lililokaliwa na jeshi la Uganda, kwa jirani zetu kabisa.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenu, wanaporipoti mitambo hii, wasiishie kueleza uwezo wake. Waulize pia ni lazima gani ya kivita iliyoihalalisha, na Mpalestina aliyezuiwa na mashine anakata rufaa kwa nani.

Msomaji wenu,
Morogoro