Malalamiko kuhusu seramu ya vitamini C iliyoharibika

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SERAMU ILIYOGEUKA RANGI KABLA YA KUFUNGULIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi wa kwanza nilinunua dukani kwenu, hapa Dar es Salaam, chupa ya mililita 30 ya seramu ya vitamini C, ya kupaka usoni, kwa Sh 65,000. Mashavu yangu yana madoa meusi yaliyoachwa na chunusi, nami nilitaka yafifie. Sikuja kutafuta weupe. Rangi yangu naipenda. Nalisema hili kwa sababu muuzaji wenu aliniahidi kuwa "nitang'aa niwe mweupe", na hiyo si kazi ya vitamini C. Yenyewe hupunguza utengenezaji wa melanini, yaani kinachoipa ngozi rangi, madoa yakafifia polepole kwa miezi kadhaa. Haichubui.

Nilipoifungua, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikawapigia simu. Nikajibiwa kwamba ndivyo ilivyo, niendelee, tena niongeze matone. Niliwaamini. Baada ya wiki sita uso ulikuwa unawasha na madoa yako palepale.

Mfamasia wa mtaani kwetu ndiye aliyenifumbua macho. Vitamini C ya aina hii, asidi ya askobiki, ikiwa nzima haina rangi au ina umanjano kidogo tu. Ikipigwa na hewa, mwanga na joto huharibika na kuwa kahawia, na ikifika hapo nguvu yake imekwisha. Ndiyo maana hutiwa kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Yenu imo kwenye chupa inayoonyesha ndani, tena mmeipanga dirishani, jua la saa nane mchana likiipiga! Lebo haisemi ina asilimia ngapi (kwa kawaida huwa kati ya 10 na 20), wala ilitengenezwa lini, wala kwamba mtumiaji apake pia mafuta ya kuzuia jua.

Chupa mbovu ningeisamehe. Kuambiwa niongeze matone ya kitu kilichokwisha kuharibika, hilo limeniuma.

Naomba nirudishiwe fedha zangu, na chupa zilizobaki dirishani ziondolewe kabla mwingine hajauziwa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chupa na risiti ninazo, nitazileta mkizihitaji.

Wenu,
Mteja