Barua ya wazi kwa binti wa kaka yangu, anayesomea uhamasishaji wa afya

Mwanangu,

Jumapili ile tulipokuwa kwenu Mbagala, baba yako aliuliza mbele ya wageni kama kweli kuna haja ya mtu kukaa chuoni miaka mitatu ili ajifunze kuwaambia wenzake wanawe mikono. Hukumjibu, uliinamisha kichwa ukaendelea kukusanya sahani. Mimi nami nilinyamaza, kwa kuwa haikunipasa kubishana na kaka yangu nyumbani kwake mbele ya wageni wake, lakini swali lile limenikaa moyoni wiki nzima. Na kwa kuwa nimekwisha kuulizwa jambo hilohilo na vijana kadhaa wanaosoma kozi kama yako, nimeona nikuandikie hadharani ili nao wasome.

Kwanza nikuombe usimkasirikie baba yako, maana hofu yake ina msingi. Mtoto wa jirani yenu anayesomea uuguzi anajulikana atafanya kazi wapi na atavaa sare gani. Wewe ukitaja kozi yako utaulizwa kama utakuwa daktari, ukisema hapana utaulizwa kama basi utakuwa bwana afya, na ukikataa na hilo, anayekuuliza ataanza kuwahurumia wazazi wako kwa ada waliyolipa. Kazi yako haina mlango mmoja wenye kibao, na mzazi anayetoa ada ana haki ya kuuliza mlango uko wapi.

Mimi niliielewa kazi hii vizuri mwaka 2015, kipindupindu kilipolipuka hapa Dar es Salaam mwezi Agosti. Nilikuwa miongoni mwa waliotumwa mitaani na vipeperushi vyenye maelekezo ya kuchemsha maji ya kunywa. Katika nyumba moja kandokando ya bonde la Msimbazi nilimkuta mama muuza vitumbua ambaye alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniomba nimpigie hesabu: nyumba yake ina watu saba, mkaa alionao ndio anaokaangia vitumbua vinavyowalisha wote, sasa mkaa wa kuchemshia maji ya watu saba kila siku autoe wapi? Kipeperushi changu hakikuwa na jibu. Niliondoka pale nimeona aibu, kwa sababu mama yule alikuwa anajua habari za vijidudu na kuchemsha maji kama ninavyojua mimi, na kilichokuwa kinamkwamisha sikuwa nimekwenda kukiuliza.

Tuliporudi mara ya pili tulikwenda na vidonge vya klorini, tukavitumia mbele yake katika ndoo yake mwenyewe, na tukakaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuzungumzia wenye nyumba wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, maji taka yakatiririka kwenye vichochoro wanamochezea watoto. Sijui kama tulizuia ugonjwa kwa kiasi gani pale mtaani. Ninachojua ni kwamba safari ya pili ndiyo iliyokuwa uhamasishaji wa afya, na ya kwanza ilikuwa ugawaji wa karatasi.

Utakuwa umefundishwa Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, ule wa kimataifa kuhusu uhamasishaji wa afya, na pengine umekariri nguzo zake tano kwa ajili ya mtihani. Zisome upya ukimfikiria mama yule. Sera inayojali afya ni ile sheria ndogo ya vyoo inayosimamiwa kweli. Mazingira wezeshi ni maji safi yaliyo karibu na yenye bei anayoimudu. Nguvu ya jamii ni wapangaji wanaothubutu kumwambia mwenye nyumba kuwa choo kimejaa. Stadi za mtu binafsi ni kujua kidonge kimoja kinatosha lita ngapi. Na huduma za afya zinazojipanga upya ni zahanati isiyongoja wagonjwa wafike wakiwa wameishiwa maji mwilini. Kunawa mikono ni sehemu ndogo ya hayo yote. Baba yako akiuliza tena, mweleze hivyo, kwa upole.

Sasa nije kwenye ajira. Mlango unaofikiriwa kwanza na wengi ni serikali, na upo. Mikoa na halmashauri zina waratibu wa elimu ya afya kwa umma wanaofanya kazi chini ya waganga wakuu, na Wizara ya Afya ina watu wake wa eneo hilo. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo nakushauri uanze tangu sasa, ukiwa mwaka wa pili, kusoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hata yaliyokwisha muda wake, uangalie sifa zinavyoandikwa na kama jina la shahada yako limetajwa au halikutajwa. Vijana wengi hugundua siku ya kuomba kazi kwamba tangazo linataka afya ya mazingira, ambayo ni fani nyingine. Afisa afya mazingira ana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 mkononi na anaweza kuchukua hatua dhidi ya genge la chakula lisilo safi. Wewe utafika kwenye genge hilohilo ukiwa na maneno na uhusiano wako na mama lishe. Mnahitajiana, ila msichanganyane.

Liko jambo lingine la serikali ambalo ningependa ulifuatilie kwa karibu. Mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima katika kipindi cha miaka mitano. Wahudumu hao wanatoka mitaani na vijijini kwao, na hawahitaji shahada. Lakini watu wengi kiasi hicho wanahitaji wa kuwafundisha, wa kuwatembelea, wa kuwaandalia vifaa vya kufundishia na wa kusoma taarifa zao na kuzielewa. Mimi ningekuwa na umri wako ningejifunza kazi ya wahudumu hao kwa kutembea nao nyumba hadi nyumba, Tandale au Vingunguti, kabla sijaomba kuwasimamia.

Mlango wa pili ni miradi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipopatia mkate wangu na ndipo nilipoumia. Mikocheni, Msasani na Masaki zimejaa ofisi za mashirika yanayoajiri maafisa miradi, maafisa mawasiliano ya mabadiliko ya tabia, na maafisa ufuatiliaji na tathmini. Mshahara mara nyingi ni mzuri kuliko wa serikali, na utajifunza mambo mengi kwa muda mfupi. Lakini mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja na fedha ni za mtu mwingine. Mradi wangu wa kwanza ulifungwa kwa taarifa ya mwezi mmoja. Nilirudi nyumbani na sanduku la makaratasi nikiwa nimekwisha kulipa kodi ya nyumba kwa fedha ya kuazima. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nchi nyingi zilishuhudia watu wa kada yetu wakirudi nyumbani kwa mkupuo, wakiwemo wenye uzoefu unaozidi wangu. Sikukatazi miradi. Nakuomba uingie ukijua kwamba siku ya kutoka utaondoka na ulichoweza kujifunza, watu waliokuamini, na kazi uliyoiandika kwa jina lako, basi.

Kuhusu kujitolea, nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Kujitolea ni jambo jema likiwa na mwanzo na mwisho. Ukikubali, omba barua inayotaja miezi mitatu, kazi utakazofanya na nani atakusimamia, na omba nauli na chakula cha mchana bila kuona haya. Ofisi inayomwita kijana wa watu atoke Chanika hadi Masaki kila siku kwa nauli ya mama yake, mwaka mzima, kwa ahadi kwamba nafasi itapatikana, inamdhulumu, hata kama ukutani imebandika malengo mazuri kiasi gani.

Kuna mlango ambao naona vijana wa Kitanzania wanaupita bila kuuona, nao ni mawasiliano. Nchi hii ina historia kubwa katika eneo hilo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kufyeka vichaka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Kipindi kilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa yale mazungumzo ya kikundi baada ya redio kuzimwa. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI, na kwa makusudi haukurushwa Dodoma hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe wasikilizaji wa huko na wa sehemu nyingine. Hebu tafakari hilo: waandishi wa mchezo na watafiti walipanga pamoja tangu mwanzo namna ya kujua kama mchezo umeleta tofauti. Mtu anayeweza kuandika kisa kinachosikilizwa na wakati huohuo akaeleza kitapimwaje, hakosi kazi katika mji huu kwa muda mrefu.

Na uandike Kiswahili chenyewe. Vifaa vingi vya afya vinavyofika mitaani kwetu vimeandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha vikatafsiriwa usiku na mtu aliyechoka, na msomaji anahisi hivyo tangu mstari wa kwanza. Kaa na bodaboda kijiweni, kaa na kina mama kwenye vikoba, sikiliza wanavyotaja maumivu, hedhi, mimba na presha wanapokuwa peke yao, na uyaandike maneno hayo kwenye daftari lako. Hakuna mhadhara utakaokupa maneno hayo.

Utafiti ni mlango wa jirani. Taasisi ya Afya Ifakara ina ofisi Mikocheni, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kiko Upanga. Kote huko kuna tafiti zinazohitaji wakusanyaji wa taarifa wanaojua kumhoji mtu bila kumwekea maneno mdomoni. Ukipata nafasi ya wiki mbili ya namna hiyo, ichukue. Jifunze pia kutumia DHIS2, mfumo ambao takwimu za vituo vyetu vya afya huingizwa, kwa sababu mhamasishaji anayeweza kusoma takwimu husikilizwa kikaoni. Na soma historia ya vyandarua: kwa mpango wa Hati Punguzo ulioanza mwaka 2004, mama mjamzito alipewa kliniki hati ya kumpunguzia bei ya chandarua dukani. Aliyebuni kitu kama hicho alilazimika kufikiria muuza duka, bei na usafiri, pamoja na mbu. Kazi yetu ni pana namna hiyo.

Viwanda, bandari, migodi na kampuni za bima nazo huajiri watu wa afya na usalama kazini, ingawa mara nyingi utatakiwa kuongeza mafunzo mafupi. Sina uzoefu wa huko, kwa hiyo nitakutafutia mtu wa kukueleza.

Ulinitumia pia kurasa za Marekani kuhusu mtihani wa CHES, ukauliza kama uufanye. Huo ni uthibitisho wa wataalamu wa elimu ya afya wa kule, na waajiri wengi wa hapa hawauulizii, kwa hiyo usichange fedha kwa ajili yake sasa. Lakini orodha yao ya maeneo manane ya umahiri ni nzuri kujipimia: kutathmini mahitaji, kupanga, kutekeleza, tathmini na utafiti, utetezi, mawasiliano, uongozi na menejimenti, na maadili ya taaluma. Chukua kalamu, andika mbele ya kila moja jambo ulilowahi kulifanya kwa mikono yako. Pale utakapokosa la kuandika, ndipo mafunzo yako kwa vitendo ya mwaka huu yaelekee.

Jambo hilo la mafunzo kwa vitendo ndilo la haraka. Nimesikia mnapanga kwenda kundi zima katika hospitali moja kubwa kwa kuwa iko karibu na chuo. Huko mtasimama kwenye korido mkitoa somo kwa wagonjwa waliopanga foleni tangu alfajiri, na mtarudi na muhuri. Omba badala yake kata moja, kwa afisa afya wa kata na wahudumu wa jamii, na umwombe msimamizi wako akuruhusu kufuatilia tatizo moja tu kwa wiki zote nane: kwa nini kina baba wa mtaa fulani hawapimi presha, au kwa nini wasichana wa shule fulani hawaji darasani siku za hedhi. Uliza, jaribu kitu kimoja, rudi uone kama kimebadilika, andika kurasa kumi. Kurasa hizo kumi ndizo utakazompa mwajiri wako wa kwanza, na nakala moja mpe baba yako.

Jumamosi ijayo njoo kwangu mapema, kabla jua halijawa kali, ukiwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni na lile daftari. Nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa, na yule mama wa vitumbua bado yuko palepale, amesema atatungoja.

Shangazi yako,
Dar es Salaam