Ramani za zamani za Usambara na Mkomazi zisichomwe moto

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakuu wa shule na watumishi wa ofisi mkoani Tanga wanaosafisha stoo zao. Jamani, ramani za topografia si takataka. Hivi karibuni, kwenye shule moja nisiyopenda kuitaja, nilikuta karatasi za Usambara Magharibi na nyika ya Mkomazi zimerundikwa nje pamoja na daftari, zikisubiri kiberiti. Nikaomba, nikapewa mbili. Nyingine zilishaliwa na mchwa.

Ni za skeli ya 1:50,000, sentimita moja kwa nusu kilomita. Juu ya Mazinde, chini ya mlima, kontua (mistari ya kuonyesha mwinuko wa ardhi) zimebanana hadi karatasi inageuka kahawia. Mlima umesimama wima. Bondeni zinaachana, na mito imechorwa kwa buluu ya vipande vipande, maana ni ya msimu. Mawingu ya bahari humwaga maji yake Amani, Usambara Mashariki, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na huku nyuma ya milima hubaki miiba na vumbi. Mwanafunzi akiitazama karatasi hiyo anaelewa kwa nini Semboja, mwana wa Kimweri, mfalme wa Wasambaa aliyekaa Vuga, alihamia Mazinde: misafara ya pwani ilipita hapo chini. Reli nayo, iliyofika Mombo mwaka 1905, ilipoendelea kuelekea Moshi ilishika ukanda huo huo.

Kubwa zaidi ni nyumba. Zimewekwa nukta nyeusi, moja moja, kama watu walivyokaa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Mkomazi nako wafugaji waliondolewa mwaka 1988, na tangu 2008 ni hifadhi ya taifa. Ramani ya kwenye simu haikuonyeshi mahame hayo. Nilimtandazia mzee mmoja wa Mnazi karatasi ya pili. Akapitisha kidole taratibu kwenye korongo, akasimama penye nukta tatu, akataja nani alikaa wapi na ng'ombe walinywea kisima gani.

Wazee kama huyo wanapungua. Nashauri karatasi zilizobaki zikusanywe Tanga mjini, kwenye makumbusho ya Urithi katika boma la Mjerumani au kwenye maktaba, zipigwe picha, na nakala zipelekwe vijijini wazee waandikishe majina kwa penseli. Mbili nilizo nazo nitazitoa siku yoyote nitakayoitwa.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Chumbageni, Tanga