Shukrani kwa kijana wa chukudu, Majengo, Goma

Ndugu yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa tarehe 27 Januari 2025. Waasi wa M23 walikuwa wameingia mjini, jeshi na wanamgambo wa Wazalendo walio upande wa serikali bado walikuwa wakipigana nao, na sisi raia tulikuwa katikati. Umeme hakuna, maji hakuna. Kipande cha bomu kilikuwa kimempiga mama yangu pajani, na hakuna pikipiki iliyokubali kusimama.

Wewe ulikuwa unatoka ziwani na chukudu yako, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, juu yake bidoni mbili za maji ya nyumbani kwako. Ulizishusha kando ya barabara bila kusema neno, ukatandika koti lako juu ya mbao, ukasema, "Mama, lala hapa, shika usukani." Tukasukuma pamoja. Risasi zikilia, unainama, unamfunika kichwa kwa mkono wako. Mkono mtupu tu! Kwenye mawe ya volkano ulikuwa ukiinua gurudumu ili asitikisike. Hospitalini watu walilala hadi kwenye korido, nawe hukuondoka hadi alipopokelewa. Pesa ulikataa.

Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2773 kuwataka M23 waondoke Goma na Bukavu. Nililipokea kwa moyo mmoja. Lakini wewe ulikuwa umefika siku 25 kabla.

Mama anatembea sasa, kwa fimbo. Kila jioni anakutaja katika sala: "yule mtoto wangu wa chukudu." Bidoni zako hatukuzikuta. Tumekununulia mbili mpya, ziko mlangoni. Koti limefuliwa.